Tezi ya shingo na mimba changa: usingoje tumbo lionekane

Kuanzia Kiunga mpaka Malindi, mimba changa haitangazwi. Mama hunyamaza miezi mitatu, minne, kwa kuchelea jicho, na kliniki huenda siku ambayo buibui limeshindwa kuficha. Wengi hupita salama. Mwenye ugonjwa wa tezi ya shingo ndiye anayeumia na kimya hicho, kwa sababu mtoto huitegemea tezi ya mama kuliko wakati wowote katika wiki 12 za mwanzo, wakati ambapo hakuna anayejua. Jirani asijue, mawifi wasijue, sawa. Daktari na nesi wajue wiki ile ile hedhi ilipokosekana.

Haya yameandikwa kwa anayemeza dawa ya tezi na anataka mtoto, kwa aliyepoteza mimba asijue sababu, na kwa yule mwenye uvimbe shingoni au ndugu wenye ugonjwa huu.

Mtungi umepanuka, maji ni yale yale

Tezi hii, ambayo hospitalini huitwa thairoidi na ikivimba wazee husema rovu, imekaa mbele ya koo chini ya kikoromeo, mfano wa kipepeo aliyekunjua mbawa. Hutoa homoni ya T4, na mwili huigeuza kuwa T3 inapohitajika. Msimamizi wake yuko kichwani: tezi ikilegea, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo hupandisha homoni ya kuihimiza, iitwayo TSH. Tezi ikizidisha, TSH hushuka. Kwa hiyo jibu la maabara husomwa kinyume. TSH kubwa maana yake tezi imechoka, na TSH ndogo sana maana yake tezi inakimbia. Wapo wanaoiona namba kubwa wakashukuru.

Mtoto hana tezi ya kufanya kazi mpaka karibu na wiki ya 12, na hajitoshelezi mpaka wiki ya 18 au 20. Kabla ya hapo ubongo wake hujengwa kwa homoni ya mama. Wakati huo huo ini la mama hutengeneza protini nyingi zaidi za kubeba homoni, damu yenyewe huongezeka, na kondo la nyuma huvunjavunja sehemu ya homoni. Ni kama mtungi uliopanuliwa na maji yakabaki yale yale. Tezi nzima huongeza kazi ikajaza. Tezi dhaifu haiwezi, na kidonge cha mikrogramu 100 hakijui kwamba una mimba.

Tezi iliyolegea bila matibabu huongeza hatari ya mimba kutoka, shinikizo la damu la ujauzito, kujifungua kabla ya wakati na mtoto mwenye uzito mdogo. Inayokimbia nayo ina hasara zake, tutazifikia. Lakini tusitie watu hofu: kati ya mimba 100 zilizothibitishwa, 10 hadi 20 hutoka, na nyingi kati ya zinazotoka mapema hutoka kwa hitilafu ya kromosomu ambayo mama hakuisababisha wala hangeweza kuizuia. Tezi ni sababu ya chache. Inapewa uzito kwa kuwa huonekana kwa chupa moja ya damu na hutibika kwa kidonge cha kila siku.

Nani apimwe

Usijipime kwa dalili. Uchovu, choo kigumu, moyo kwenda mbio: mimba yenyewe huleta hayo yote. Pengine cha kutiliwa shaka ni mtu anayejifunika shuka Malindi mwezi wa Februari wakati wenzake wanajipepea, au hedhi iliyobadilika ikawa nyingi na ndefu. Hata hivyo, jibu liko kwenye damu.

Omba kipimo cha TSH kabla ya kushika mimba, au mara tu unaposhika, ikiwa umewahi kuugua tezi, umefanyiwa upasuaji wa shingo au kupewa iodini ya mionzi, hata kama ni miaka 10 iliyopita na ukaambiwa umepona. Vilevile ikiwa mama au dada yako anaugua, una kisukari cha aina ya kwanza, mimba imetoka au mtoto amezaliwa kabla ya siku zake, umetafuta mtoto muda mrefu bila kupata, umepita miaka 30, au unatumia amiodaroni ya moyo au lithiamu ya maradhi ya akili. Mimba zilizotoka mara mbili zisiachiwe mchango na jicho peke yake. Kombe na dua havigombani na maabara. Ukipewa kombe, linywe saa moja baada ya kidonge cha tezi, basi.

Kupima bila kudanganyika

Huhitaji kufunga. Nenda asubuhi, damu ichukuliwe kwanza, kidonge cha siku hiyo umeze baadaye. Kama unatumia vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini nyingi, viache siku mbili kabla, kwani huzipotosha mashine nyingi za maabara na TSH inaweza kutoka chini ya uhalisia.

Kabla hujanyoosha mkono uliza mambo mawili: damu inapimwa hapa hapa, au inasafirishwa? Majibu yatakuwa tayari siku gani? Kwa mtu wa Pate au Faza swali hili ni nauli. Kama inasafirishwa, damu itengwe na majimaji yake yawekwe kwenye baridi kabla ya safari, isikae mezani mchana kutwa. Kila unaporudia, pima maabara ile ile ukiweza, maana mashine mbili hazitoi namba moja.

TSH huandikwa kwa mIU/L au µIU/mL. Namba ni ile ile. T4 huru ndiyo yenye mtego: maabara moja huandika pmol/L na nyingine ng/dL, na 1 ng/dL ni karibu 12.9 pmol/L. Jibu la 1.2 na jibu la 15 yanaweza kuwa jambo moja. Mtu aliyeshtuka kwamba T4 "imepanda mara kumi" aangalie kipimo kilichoandikwa pembeni.

Kwa anayemeza dawa ya tezi iliyolegea, TSH iwe chini ya 2.5 kabla ya kushika mimba, na ibaki hapo. Kwa asiyemeza dawa, kikomo cha juu katika mimba changa ni takriban 4.0, isipokuwa maabara ina vipimo vyake vya wajawazito. TSH ikipita 10, dawa haina mjadala. Kati ya hapo daktari huomba kipimo cha kingamwili za TPO, zinazoonyesha kwamba mwili unaishambulia tezi yake wenyewe. Kingamwili hizo hupimwa mara moja tu. Kuzirudia kila mwezi ni kutupa pesa.

Na hapa tunatia neno letu. Mwenye kingamwili za TPO huwa na hatari kubwa zaidi ya mimba kutoka hata TSH ikiwa nzuri, kwa hiyo miaka mingi wanawake hao walipewa dawa ya tezi "kwa tahadhari". Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019, wenye wanawake zaidi ya 900 wa namna hiyo, uliwapa nusu yao dawa hiyo, levothairoksini, mikrogramu 50 na nusu yao kidonge kitupu. Waliopata mtoto walikuwa karibu sawa pande zote mbili. Basi usinunue vidonge kwa sababu ya kingamwili tu. Pima TSH kila wiki nne mpaka nusu ya mimba, na dawa ianze itakapopanda.

Hedhi ikikosekana

Hili ndilo la kujua kwa moyo ikiwa unameza levothairoksini kwa ajili ya tezi iliyolegea. Wiki za mimba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo hedhi ikichelewa wiki moja, tayari uko wiki ya 5. Mahitaji ya homoni huanza kupanda wiki ya 4 hadi ya 6. Ukingoja kliniki ya mwezi wa nne, umechelewa.

1. Hedhi ikipita siku chache, pima mkojo nyumbani.

2. Ikiwa una mimba, ongeza dozi mbili kwa wiki: badala ya dozi 7, meza 9. Makubaliano haya yafanywe na daktari kabla ya kushika mimba, naye ayaandike kwenye daftari lako, ili usiku huo usimtafute mtu wa kukuruhusu.

3. Mpigie daktari au nenda kliniki ndani ya wiki hiyo, damu ipimwe.

4. Rudia TSH kila wiki nne mpaka wiki ya 20, kisha mara moja karibu na wiki ya 30.

Tuone mfano. Mama anameza mikrogramu 100 kila siku, 700 kwa wiki. Kipimo kimeonyesha mistari miwili. Tangu sasa anameza 100 siku zote, ila Jumatatu na Alhamisi anameza 200. Jumla ni 900, nyongeza ya karibu asilimia 29. Aweke alama kwenye kalenda ya ukutani siku hizo mbili. Akitegemea kichwa, ataongeza mara moja wiki hii na mara tatu wiki ijayo.

Hesabu mikrogramu, usihesabu vidonge. Kosa linaloharibu dozi za wengi hutokea dukani: safari hii vidonge vya 100 vimekwisha, mama anauziwa vya 50, anaendelea kumeza kimoja kama alivyozoea. Wiki nne baadaye TSH imeruka, na kila mtu anajiuliza mimba imefanya nini. Soma namba kwenye karatasi ya vidonge kila unaponunua. Ukibadilishiwa kiwanda, sema siku ya kupima.

Nyongeza hii haimhusu anayemeza dawa ya kupunguza tezi. Na mwenye ugonjwa wa moyo asiongeze bila daktari.

Kahawa, mahamri na vidonge vya damu

Levothairoksini hunyonywa vizuri tumboni kukiwa kutupu. Meza na maji matupu, kisha ngoja dakika 30 hadi 60 kabla ya kula. Kahawa chungu ya alfajiri inahesabiwa kama chakula, na chai ya maziwa pia. Mbaazi na mahamri havina neno vikingoja zamu yao.

Adui mkubwa hutoka kliniki yenyewe. Mjamzito Kenya hupewa kidonge cha madini ya chuma na foliki, miligramu 60 za chuma. Chuma hushikana na levothairoksini tumboni, na dawa ya tezi hupita bila kunyonywa vizuri. Kalsiamu hufanya vivyo hivyo, na baadhi ya dawa za kiungulia. Ziachanishe saa nne nzima: kidonge cha tezi saa kumi na moja na nusu alfajiri, cha damu pamoja na chakula cha mchana. Nesi asiyejua unaugua tezi hana sababu ya kukuonya, basi mwambie akiwa ameshika pakiti mkononi.

Kichefuchefu cha asubuhi kikikuzidi, hamishia kidonge usiku, zikipita saa tatu tangu chakula cha mwisho. Ukitapika papo hapo na kidonge kikatoka kizima, meza kingine. Ukisahau siku moja, meza ukikumbuka, hata kama ni viwili kesho. Dawa hii hukaa mwilini siku nyingi na dozi moja iliyokosekana si msiba. Tano kwa mwezi ni jambo jingine.

Ramadhani mjamzito anayechelea afya yake au ya mtoto ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye, na mwenye tezi isiyotulia aitumie. Anayefunga kwa idhini ya daktari ana nafasi mbili. Ya kwanza ni kuacha kula saa mbili usiku, kumeza saa tano kwa maji, asiguse kitu mpaka daku. Kwa nyumba ambazo vitafunio havikomi baada ya tarawehe, hiyo ni ndoto. Basi aamke dakika 45 kabla ya daku, ameze, arudi kulala kidogo.

Joto, unyevu na kusi

Vidonge hivi huharibiwa na joto, mwanga na unyevu, na pwani ina vyote vitatu. Viache ndani ya karatasi yao mpaka dakika ya kumeza. Usivibandue vyote ukavitia kwenye chupa ya peremende. Jikoni hapafai, bafuni hapafai, wala mkoba uliokaa juani kwenye boti kutoka Mokowe. Kwenye nyumba za mawe za Lamu, kidaka cha chumba cha ndani kisichopigwa na jua ni mahali pazuri. Nyumba ya mabati, tafuta sanduku lililo chini, mbali na ukuta wa magharibi. Soma kikomo cha joto kilichoandikwa kwenye boksi, huwa nyuzi 25 au 30.

Kusi likikaza, kati ya Juni na Agosti, boti za visiwani huchelewa au hazitoki. Mwenye mimba awe na akiba ya mwezi mzima kabla ya hapo.

Tezi inayokimbia

Katika wiki za 7 hadi 12 homoni ya mimba huichochea tezi yenyewe, na TSH hushuka hata kwa mtu mzima wa afya. Mwanamke mmoja hadi watatu katika 100 hupata T4 ya juu kwa muda, hasa anayetapika sana au mwenye mapacha. Huyo hahitaji dawa ya tezi: maji, dawa ya kutapika, na kusubiri. Dalili za ugonjwa wenyewe ni nyingine: macho yaliyotoka, rovu, kingamwili za TRAb zinazoichochea tezi, na mapigo ya mbio yaliyoanza kabla ya mimba.

Ugonjwa huo usipotulizwa, mimba inaweza kutoka, shinikizo la damu likapanda na moyo wa mama ukashindwa. Afadhali utulie kwanza, kisha mimba. Aliyepewa iodini ya mionzi angoje miezi sita.

Mgogoro uko kwenye dawa. Kabimazoli, iliyozoeleka, inaweza kumletea mtoto kasoro za kuzaliwa, hasa ikimezwa kati ya wiki ya 6 na ya 10. Kwa hiyo mpaka wiki ya 16 hutumiwa propilthiourasili, ifupishwayo PTU. Usingoje mistari miwili ndipo uanze kuitafuta. Uliza mapema duka gani Malindi au Mombasa linayo. Usiache kabimazoli mwenyewe kwa hofu, piga simu siku hiyo hiyo, maana dhoruba ya tezi, yaani homoni kuzidi mwilini kwa ghafla, huua. PTU nayo inaweza kuumiza ini: macho ya manjano, mkojo wa rangi ya kahawa au kuwashwa mwili mzima, acha na uende hospitali. Kwa dawa zote mbili, homa pamoja na koo kuuma ni sababu ya kuacha na kupima chembe nyeupe za damu leo, si kesho. Dozi huwekwa ndogo iwezekanavyo, kwa kuwa hupita mpaka kwa mtoto na kuilegeza tezi yake.

Aliyewahi kuugua hivi akatolewa tezi, naye aseme kliniki. Kingamwili za TRAb hubaki kwenye damu na huvuka kwa mtoto. Hupimwa tena wiki ya 18 hadi 22.

Chumvi, samaki na mwani

Mjamzito anahitaji mikrogramu 250 za iodini kwa siku. Watu wa baharini hudhani wanayo ya kutosha kwa kuwa wanaiona bahari dirishani. Samaki husaidia, lakini chumvi ya bahari yenyewe karibu haina iodini, hutiwa kiwandani. Ile ya mabwawa ya Gongoni na Marereni iliyochotwa kabla ya kufika hapo ni chumvi tu. Nunua iliyofungwa na kuandikwa imetiwa iodini, ifunike, na uitie chakula kikikaribia kuiva.

Muhogo usiogope, mradi umepata iodini yako kwa chumvi na umeuchemsha vizuri. Unga na jeli ya mwani inayouzwa mitandaoni kwa jina la dawa ya uzazi ndiyo ya kuogopa: iodini yake haina kipimo, kijiko kimoja kinaweza kupita mahitaji ya siku nyingi, na ikizidi huizima tezi ya mama na ya mtoto.

Damu ikitoka

Damu ikianza, usiongeze vidonge vya tezi kudhani utaishika mimba. Nenda kituo cha afya. Ukijaza pedi mbili kwa saa, ukazimia, au ukaumwa upande mmoja wa tumbo na bega, ni dharura. Boti itafutwe usiku huo huo, usingoje kuche.

Mimba ikishatoka, rudi kwenye dozi ya zamani, siyo ile ya 9 kwa wiki, na upime TSH baada ya wiki sita. Aliyejifungua salama afanye vivyo hivyo, tangu siku ya kwanza. Na ukijiona unatetemeka na kukonda miezi miwili mitatu baada ya kuzaa au baada ya mimba kutoka, kisha uchovu mzito ukafuata, rudisha damu maabara: tezi huweza kuvimba kimya kimya wakati huo, na watu wote ndani ya nyumba wakasema ni uchungu wa msiba au usingizi wa kulea.